Baada ya Mshtuko wa Moyo, Nyumba Nzima Ipone



Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya jambo lililogonga milango mingi ya jamaa zetu hapa Uingereza, nalo ni maisha ya mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo akanusurika. Juu ya kujikinga na maradhi hayo yamesemwa mengi. Lakini siku mgonjwa anaporudi nyumbani, mkononi ana mfuko wa dawa na karatasi ambazo pengine hawezi kuzisoma, mazungumzo yetu humalizika kwa kusema "Alhamdulillah, amesalimika," kisha kila mtu hurejea katika shughuli zake. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo kazi inapoanza, na kwamba kazi hiyo haiwezi kuwa ya mgonjwa peke yake.

KILICHOTOKEA NDANI YA KIFUA

Moyo ni msuli, na kama misuli yote unahitaji damu ya kuulisha. Damu hiyo huletwa na mishipa yake maalumu iliyouzunguka. Kwa miaka mingi, bila ya mwenyewe kuhisi chochote, mafuta hujijenga katika kuta za mishipa hiyo. Siku moja utando uliofunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, njia huziba, na sehemu ya msuli inayotegemea njia hiyo huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Hospitalini madaktari aghalabu hupitisha mrija mwembamba kutoka katika mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, wakapanua palipoziba kwa puto dogo, na kuacha hapo kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti ili njia isizibe tena. Wengine hulazimika kufunguliwa kifua na kuwekewa mishipa mipya. Aliyewekewa stenti mara nyingi huruhusiwa kurudi kwake baada ya siku chache tu, na wepesi huo, ambao ni neema, huwadanganya wengi. Husema, "Kama lingekuwa jambo kubwa wasingemtoa mapema hivyo." La hasha. Stenti imefungua mahali pamoja palipoziba, haikuuondoa ugonjwa uliopaziba. Sehemu ya msuli iliyokufa inageuka kovu, na moyo uliobaki unapaswa kufundishwa upya kubeba mzigo wake. Habari njema ni kwamba moyo unafundishika.

MAKOSA MAWILI YATOKANAYO NA MAPENZI

Tumeona majumbani makosa mawili yanayokinzana, na yote mawili chanzo chake ni mapenzi.

Kosa la kwanza ni kumfanya mgonjwa kama yai. Akinyanyuka huambiwa "Kaa, baba." Akitaka kwenda msikitini kwa miguu, kijana hukimbilia ufunguo wa gari. Habari mbaya huzuiwa zisimfikie, barua zake hufunguliwa na wengine, na mtu aliyekuwa kichwa cha nyumba hugeuka mgeni anayelishwa sebuleni. Miezi mitatu ikipita misuli yake imelegea, uzito umeongezeka, na moyo wake umezidi udhaifu kwa kukosa kazi. Tumemlinda mpaka tumemdhuru.

Kosa la pili ni kujifanya kwamba hakuna kilichotokea, na hili huwapata zaidi mama zetu. Maradhi ya moyo tumezoea kuyahesabu kuwa ya wanaume, ilhali yanawaua wanawake wengi vilevile, na dalili kwa mwanamke pengine huwa ni kukosa pumzi, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au maumivu ya mgongo na taya. Mama akirudi kutoka hospitali hupewa siku mbili za kupumzika. Siku ya tatu wageni wanakuja kumjulia hali, na anayesimama jikoni kuwapikia ni yeye mwenyewe. Hakuna anayemlazimisha, na hakuna anayemzuia. Tunaomba kila nyumba ijiulize kwa uaminifu: katika wiki zile za mwanzo nani alipika, nani alifua, na nani alibeba mifuko ya sokoni?

DARASA LA MOYO

Baina ya makosa hayo mawili ipo njia ya katikati, na katika nchi hii njia hiyo imekwisha kutandikwa bila ya malipo. Kila aliyepata mshtuko wa moyo anastahiki kualikwa na NHS katika mafunzo ya kuurudishia moyo nguvu zake, ambayo sisi tutayaita darasa la moyo. Kwa kawaida huwa mara moja au mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki kadhaa. Humo mgonjwa hufanya mazoezi yaliyopimwa kulingana na hali yake mbele ya wauguzi na wataalamu, hueleweshwa dawa zake, hufundishwa juu ya chakula, na hupata nafasi ya kuieleza hofu yake. Asiyeweza kwenda anaweza kuomba mpango wa kufuata nyumbani kwake.

Faida ya darasa hili si ya kukisia. Uchunguzi wa miaka mingi umeonesha kuwa wanaolihudhuria hupunguza hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na hatari ya kurudishwa hospitali. Hata hivyo wengi wanaoalikwa nchini hapa hawaendi, na wanawake na watu wa jamii za wahamiaji ni miongoni mwa wanaokosekana zaidi.

Sababu tunazijua, kwani tunazisikia barazani. Barua ilikuja kwa Kiingereza ikawekwa juu ya friji. Darasa ni saa za kazi. Mama anaona haya kufanya mazoezi mbele ya wanaume. Mzee anasema hayo ni mambo ya vijana. Kila moja ya sababu hizo ina dawa yake. NHS ina wajibu wa kumpatia mgonjwa mkalimani bila ya malipo, kwa hiyo ombeni mkalimani, wala msimtwike mtoto wa miaka 12 kazi ya kumfasiria baba yake habari za kifo na uhai. Mama na aulize kama lipo darasa la wanawake au mpango wa nyumbani, na kuuliza hakuna aibu. Barua ikipotea, au ikiwa haikuja kabisa, mpigieni simu daktari wenu wa mtaa na mseme wazi kwamba mgonjwa hajaitwa.

Mzee wetu mmoja, dereva wa basi kwa miaka mingi, ametupa idhini ya kusimulia habari yake bila ya jina. Alikataa mwaliko mara mbili. Mara ya tatu mkewe alivaa viatu vya kutembelea, akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni na kusema, "Basi nitakwenda mimi nikakusikilizie, maana moyo huo nami nina haki nao." Mzee akamfuata kwa kuona haya. Siku ya kwanza alitembea dakika chache tu akaketi. Leo hutembea na mkewe kila siku baada ya Alasiri, na anatuambia kuwa katika miaka thelathini ya ndoa yao hawajapata kuzungumza kwa wingi kama wanavyozungumza njiani.

DAWA, NA MWEZI WA RAMADHANI

Mgonjwa hutoka hospitali na dawa nne, tano au zaidi, naye huziona nyingi. Ni vyema nyumba nzima ijue kila moja ina kazi gani. Aspirini na mwenzake wa pili, ambaye kwa kawaida hutumiwa kwa muda wa miezi 12, huzuia damu isigande ndani ya stenti. Statini hupunguza mafuta mabaya ya damu na kuzituliza kuta za mishipa. Nyingine hupunguza kasi na mzigo wa moyo. Hakuna hata moja inayotoa dalili ya wazi kwamba inafanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu akijiona mzima huziacha. Anayeacha dawa za kuzuia damu kuganda bila ya ushauri wa daktari, hasa katika miezi ya mwanzo, huweza kuzibwa na stenti ileile iliyomwokoa.

Dawa ikimletea maumivu ya misuli au kizunguzungu, asiitupe bali aombe ibadilishwe. Habasoda, vidonge vya kitunguu saumu na dawa nyingine za mitishamba zitajwe mbele ya daktari au mfamasia kabla ya kutumiwa, kwani baadhi yake huzidisha hatari ya kutokwa damu. Hata balungi, tunda lisilo na kosa, haliafikiani na baadhi ya statini. Na anayesafiri kwenda nyumbani Unguja, Mombasa au Maskati achukue dawa za kutosha safari nzima na akiba juu yake, azibebe katika mkoba wa mkononi, wala asiseme kwamba hewa ya nyumbani inatosha.

Ramadhani inahitaji maneno ya peke yake. Wapo wanaozibana dawa za mchana na usiku zikawa za wakati mmoja, na wapo wanaoziacha mwezi mzima kwa nia njema. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa bayana, na ruhusa ya Mola si jambo la kuonewa aibu. Mwenye kutarajia kupona atalipa siku zake baadaye, na asiyetarajia atatoa fidia kwa kulisha masikini. Wiki za mwanzo baada ya mshtuko ni wakati ambao madaktari humkataza mtu kufunga. Baada ya hapo hali za watu hutofautiana: yupo anayeweza kufunga kwa kupangiwa dawa za daku na futari, na yupo asiyeweza, hasa anayetumia vidonge vya kutoa maji mwilini. Basi aende kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla, na alipokwisha kusikia la daktari amwulize shekhe wake. Na sisi tunaomkuta mchana akinywa maji, tumwombee dua, tusimtupie jicho.

SINIA LA WOTE

Tumefika jikoni, mahali ambapo nia nyingi njema huzama. Kinachofanyika aghalabu ni kumtengea mgonjwa sahani yake ya mboga za kuchemsha, ilhali wengine wamelizunguka sinia la biriani. Hakuna binadamu atakayevumilia adhabu hiyo kwa miaka. Ushauri wetu ni kinyume chake: mgonjwa abaki kwenye sinia, na sinia ndilo libadilike.

Hatusemi tuache vyakula vyetu. Kunde, choroko, mbaazi, mchicha na vibua vya kuchoma ni chakula ambacho madaktari wa hapa wanakisifu. Lililoharibika ni kipimo na mafuta. Samli na nazi zina wingi wa mafuta yale yanayopandisha lehemu katika damu, kwa hiyo wali wa nazi uwe wa siku maalumu, na upikwe kwa tui jepesi. Sambusa zaweza kuokwa badala ya kuzamishwa katika mafuta. Mafuta ya alizeti au ya zeituni, kwa kijiko na si kwa kumimina, yatosha. Chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 6 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi iliyomo ndani ya mkate, achari na vitu vya makopo. Ndimu, tangawizi, pilipili manga na bizari zitaziba pengo lake. Na zile sukari tatu za chai ya maziwa, mara tano kwa siku, kila mtu anazijua mwenyewe.

Mabadiliko haya si sadaka tunayomtolea mgonjwa. Ikiwa baba au ndugu wa kiume alipata maradhi ya moyo kabla ya umri wa miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, basi watoto na ndugu zake nao wamo katika hatari zaidi na yafaa wapimwe shinikizo la damu, sukari na lehemu. Huko England, mwenye umri wa miaka 40 hadi 74 asiye na maradhi hayo huitwa na daktari wake kupimwa kila baada ya miaka mitano. Msiitupe barua hiyo.

Ama sigara, hapa hatuna njia ya katikati. Aliyepata mshtuko akaacha kuvuta hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha theluthi moja, na hiyo ni faida kubwa isiyogharimu chochote. Shisha ni tumbaku vilevile. Na mirungi, iliyopigwa marufuku hapa Uingereza tangu mwaka 2014, hupandisha shinikizo la damu na kuibana mishipa ya moyo. Wanaokaa nyumba moja na mgonjwa nao wasivute ndani, kwani moshi wao anauvuta yeye.

HOFU ISIYOSEMWA

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyewahi kuona mauti kifuani mwake huogopa kulala, huogopa kubaki peke yake, na kila kichomi humwambia kwamba imerudi. Kiasi cha mtu mmoja katika kila watano huingia katika majonzi mazito baada ya mshtuko: halali, hali, hacheki na wajukuu, hukasirika kwa jambo dogo. Sisi humwambia, "Mshukuru Mungu, wenzako wamekufa," na yeye hunyamaza. Kumshukuru Mungu ni wajibu, lakini majonzi haya ni maradhi yenye tiba. Tena yanaurudisha moyo nyuma, kwani aliyekata tamaa hatembei wala hanywi dawa. Aelezwe daktari.

Hofu nyingine ni ya chumbani. Mume na mke huogopana kimyakimya, kila mmoja akidhani atamuua mwenzake. Kwa walio wengi, anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila ya maumivu wala kukosa pumzi anaweza kurejea katika tendo la ndoa. Ila ni lazima ijulikane kwamba vidonge vya kuongeza nguvu za kiume vikichanganywa na dawa ya moyo ya kupuliza chini ya ulimi huweza kuua. Muulizeni daktari, ameulizwa mara nyingi.

Na kwa kuwa hofu hupungua mtu akijua la kufanya, kila aliyemo ndani ajue hili: maumivu ya kifua yakija, mgonjwa aketi, atumie dawa yake ya kupuliza kama alivyoelekezwa, na yasipotulia ipigwe 999 mara moja. Asipakiwe katika gari la jirani, na asingojewe kaka mkubwa atoke kazini.

KAZI, GARI NA WALIO NYUMBANI

Wengi wetu tunakula kwa usukani. Dereva wa gari dogo aliyepanuliwa mshipa kwa mafanikio huweza kurudi barabarani baada ya wiki 1, ikiwa moyo wake unasukuma damu ya kutosha na hangojei tiba nyingine ya haraka. Vinginevyo husubiri wiki 4. Dereva wa basi au lori ni lazima aiarifu DVLA, na asiendeshe kwa wiki 6 angalau mpaka apimwe na kupasishwa. Mwenye teksi aiulize halmashauri iliyompa leseni. Kuficha ni kuwahatarisha abiria.

Kisha wapo walio nyumbani, Afrika, wanaongoja fedha za kila mwezi. Mgonjwa hurudi kazini kabla ya wakati kwa kuwaona haya, na wao hawajui, kwani wamefichwa wasihuzunike. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu wa hapa wakae kikao kimoja, wagawane mzigo huo kwa miezi michache, na mkubwa wao apige simu aseme ukweli kwa upole. Hatujasikia mama aliyetaka ada ya shule kwa thamani ya uhai wa mwanawe.

MAISHA BORA ZAIDI

Sahaba Saad bin Abi Waqqas, Mungu amridhie, aliugua sana Makka katika Hija ya Kuaga, akadhani amefika mwisho na kuanza kuuliza habari za wasia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwekea wasia mpaka wa theluthi, na akampa matumaini kwamba huenda akabakishwa ili watu wanufaike naye. Saad akapona, akaongoza jeshi la Qadisiya, akauasisi mji wa Kufa, na akaishi miaka mingi baada ya maradhi yale.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wapo miongoni mwetu waliorudishiwa uhai ambao sasa wanalala kwa wakati, wanaifahamu miguu yao, wanawajua wajukuu wao kwa majina na kwa tabia, na wamewalipa waliokuwa wakiwadai. Hawakuyapata hayo peke yao. Kila mmoja nyuma yake palikuwa na mtu aliyeitafuta barua juu ya friji, aliyepunguza chumvi ya chungu cha wote, aliyevaa viatu akasema, "Twende."

Basi ikiwa nyumbani kwako yupo aliyenusurika, mwulize leo swali moja: darasa la moyo umekwisha kuitwa? Akisema hapana, simu unayo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe sisi nguvu ya kuwasaidia. Tukutane mwezi ujao inshaallah.